Gari Lililozaliwa Kwenye Karatasi

Mwishoni mwa 1963, kampuni ya Pontiac ya Marekani ilianza kuuza gari ambalo, kwa kanuni za wakubwa wake, halikupaswa kuwepo. General Motors, iliyokuwa ikiimiliki Pontiac, ilikuwa imeweka ukomo: gari la ukubwa wa kati lisibebe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi John DeLorean, Bill Collins na Russ Gee walikuwa na injini ya inchi 389, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari makubwa ya Pontiac, na walishaona kwamba inaingia bila shida chini ya boneti ya gari dogo zaidi, Tempest LeMans. Njia waliyopitia ilikuwa ya kiofisi. Ukomo ulihusu aina mpya za magari. Nyongeza ambazo mteja anaagiza mwenyewe hazikuhitaji kibali cha ghorofa za juu. Basi injini hiyo, pamoja na springi ngumu zaidi, ekzosi ya mabomba mawili na alama chache za nje, vikafungwa kuwa nyongeza moja ya takriban dola 295. Nyongeza hiyo ikaitwa GTO, jina lililoazimwa kwa Ferrari.

Mkuu wa mauzo wa Pontiac hakuamini kwamba watu wangenunua zaidi ya 5,000. Mwaka huo wa kwanza yaliuzwa 32,450.

Hapo ndipo enzi ya magari ya misuli ilipoanza kwa kishindo: bodi ya wastani, bei ambayo kijana mwenye ajira angeweza kuimudu, na injini iliyokusudiwa gari zito zaidi. Hapo pia ndipo ulipozaliwa mgogoro unaowasumbua wanunuzi mpaka leo. Kwa kuwa GTO ya 1964 ilikuwa nyongeza, namba yake ya chesisi huanza sawasawa na ya LeMans yoyote yenye injini ya silinda nane. Ndivyo ilivyo pia kwa magari ya 1965. Ni mwaka 1966 tu GTO ilipofanywa aina inayojitegemea na kupewa tarakimu zake, 242, mwanzoni mwa namba.

Msomaji aliyewahi kununua gari la mtumba Dar es Salaam au Mombasa anaijua desturi ya kufungua boneti na kulinganisha namba ya chesisi na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Zikilingana, roho inatulia. Kwa GTO ya 1964, namba zinaweza kulingana zote na gari likawa bado la uongo: LeMans halali kabisa, yenye nyaraka halali, iliyobandikwa beji na kupachikwa injini ya inchi 389 miaka 20 baada ya kutoka kiwandani.

Mbinu ya Pontiac ilienea. Chevrolet, nayo ya General Motors, iliifanya Chevelle SS396 kuwa aina kamili kuanzia 1966 hadi 1968, na namba za chesisi za magari hayo huanza kwa 138. Kuanzia 1969 ikabadili mkondo na kuirudisha SS katika orodha ya nyongeza, hivyo namba ya chesisi ikanyamaza tena. Kwa Camaro Z/28, iliyotoka 1967 ikiwa na idadi ya magari 602 tu, namba ya chesisi inasema kwamba hii ni Camaro ya silinda nane, basi. Yaliyobaki yalikuwa kwenye fomu ya oda, na fomu za oda zilikwenda kwenye mapipa ya taka ya wauzaji.

Mfano ulio mkali kuliko yote ni wa 1969. Wakati huo General Motors ilikuwa imepandisha ukomo hadi inchi 400, lakini mashabiki wa mashindano ya mwendo walitaka Camaro yenye 427. Wauzaji wawili walipata njia ya kuzunguka. Don Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania, na Fred Gibb wa La Harpe, mji mdogo wa Illinois, walitumia utaratibu wa oda maalumu za ofisi kuu, uliofahamika kwa kifupi kama COPO, ambao kwa kawaida ulikuwa wa magari ya polisi, teksi na mashirika. Gibb aliagiza magari 50 yenye injini ya ZL1, ya alumini kuanzia bloku hadi vichwa vya silinda. Injini peke yake iligharimu dola 4,160, zaidi ya Camaro yenyewe. Gari zima likapita dola 7,000, na katika mji wa wakulima hilo halikuwa rahisi kuuzika. Mengi yalirudishwa Chevrolet na kugawiwa wauzaji wengine. Jumla yake yalitengenezwa 69.

Ukiiona moja ya hizo 69 kwa nje, hakuna kinachokushtua. Haina beji ya SS, haina mistari ya rangi, haina hata tarakimu 427 popote, na magurudumu yake yana vifuniko vidogo vya chuma kama vya gari la serikali. Leo gari hilo lenye sura ya unyonge ni miongoni mwa Camaro ghali kuliko zote duniani. Mghushi hahitaji kuongeza urembo; anahitaji kuuondoa, kisha atafute injini na hadithi.

Kwa nini ushahidi ulipotea kwa wingi kiasi hicho? Kwa sababu kwa muda mrefu haukuwa na thamani. Kampuni za bima zilianza kuwatoza vijana ada nzito kwa magari yenye injini kubwa. Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ilizibana kampuni kuhusu moshi, na General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake za 1971 ili ziweze kutumia petroli yenye risasi kidogo. Mwaka 1972 nguvu za injini zilianza kutangazwa kwa kipimo kipya, kinachohesabu injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote, na tarakimu zikaporomoka kwenye vitabu vya mauzo. Kisha Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikasitisha kuiuzia Marekani mafuta. Gari linalokunywa petroli kwa kiwango hicho likawa mzigo, na likauzwa kwa bei ya chochote.

Waliolichukua walikuwa vijana wa shule za sekondari, na walilitumia kwa kazi lililotengenezewa. Injini zilipasuka wakati wa mashindano ya usiku, zikabadilishwa kwa injini yoyote iliyopatikana kwenye yadi ya vyuma chakavu. Gia boksi zilivunjika. Gari lilipakwa rangi nyingine kwa sababu mwenye nalo hakuipenda ya kahawia. Katika majimbo ya kaskazini, chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji ilikula sakafu na mabati ya nyuma. Hakuna aliyefikiri kwamba bloku iliyotupwa ingekuja kutafutwa na wajukuu.

Waliofikiri mapema walikuwa wapenzi wa Corvette, gari la michezo la Chevrolet. Mwaka 1973 maonyesho ya Bloomington, Illinois, yalianza, na yakaja kujulikana kwa hukumu zake za Corvette. Mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha kitaifa cha warejeshaji wa gari hilo, NCRS. Wakati maonyesho mengine yalitoa zawadi kwa gari linalong'aa kuliko mengine, hawa waliuliza swali tofauti kabisa: je, gari liko kama lilivyotoka kiwandani? Rangi iliyopakwa vizuri kuliko ya kiwandani ilikatwa alama. Bolti zilikaguliwa alama za kichwani. Tarehe ya kusubiwa kwa kila kipande kikubwa cha chuma ilisomwa na kulinganishwa na tarehe gari lilipounganishwa. Corvette haiingii sawasawa katika kundi la magari ya misuli, lakini macho waliyoyanoa mahakimu wake ndiyo yaliyokuja kutazama Chevelle, Camaro na GTO bei zilipoanza kupanda katika miaka ya 1980. Wapenzi wa Shelby nao walianzisha chama chao mwaka 1975 na kuanza daftari la kila gari lililotoka mikononi mwa Carroll Shelby, moja baada ya jingine.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuinama juu ya injini ya aina hiyo akiwa na kitambaa na tochi, inafaa kuangalia mfano mmoja kwa karibu. Chukua Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6: inchi 454, nguvu za farasi 450 kwa hesabu ya kiwanda. Idadi inayotajwa ya injini hizo zilizofungwa mwaka huo ni 4,475, ikijumuisha zile za El Camino. Mbele ya injini, upande wa abiria, chini kidogo ya pale kichwa cha silinda kinapokutana na bloku, pana uso mdogo bapa uliosawazishwa kwa mashine. Ukifuta grisi unasoma, kwa mfano, T0312CRR. Herufi T ni kiwanda cha injini cha Tonawanda, jimbo la New York. 0312 ni tarehe 12 Machi, siku injini ilipokamilishwa. CRR ni LS6 ya otomatiki. Ingekuwa CRV, gari lingekuwa la gia za mkono. Karibu na hapo hugongwa kipande cha namba ya chesisi ya gari lenyewe: tarakimu ya mwaka, herufi ya kiwanda na zile za mwisho za mfululizo.

Kisha anayekagua anakwenda nyuma ya bloku, karibu na gia boksi, mahali pachafu na pagumu kufikika, kutafuta namba iliyosubiwa pamoja na chuma: 3963512 ndiyo ya bloku za 454 za wakati huo. Pana pia tarehe ya kusubiwa, ambapo herufi inasimamia mwezi, A kwa Januari, B kwa Februari, C kwa Machi, ikifuatwa na siku na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Bloku haiwezi kusubiwa baada ya injini kukamilika, wala injini haiwezi kukamilika baada ya gari kutoka kiwandani. Ikisomeka kwamba bloku ilisubiwa Mei na gari likaunganishwa Aprili, mazungumzo yameisha, hata namba zilizogongwa juu yake ziwe zimelingana kwa uzuri namna gani.

Hiyo ndiyo maana ya wauzaji wanaposema gari lina namba zinazolingana. Ni maneno yenye thamani ya maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo hutamkwa kwa wepesi wa kutisha. Muuzaji mmoja anamaanisha injini ile ile iliyozaliwa na gari. Mwingine anamaanisha injini ya aina sahihi na mwaka sahihi kutoka gari jingine. Wa tatu anamaanisha kwamba yeye mwenyewe alizigonga. Mnunuzi asiyeuliza ni ipi kati ya hizo tatu anajiuzia mwenyewe.

Kugonga namba upya si kazi ya ajabu. Fundi anasaga uso ule bapa mpaka namba za zamani zifutike, halafu anagonga mpya kwa nyundo. Kinachomsaliti ni chuma. Mashine ya Tonawanda iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma ya uso huo, na grainda au msasa huacha mizunguko au uso laini kupita kiasi. Wapo wanaojua kuirudisha mikwaruzo hiyo. Wapo waliotafuta herufi za umbo lile lile la kiwanda. Ushindani huu umekuwa ukipanda ngazi kwa miaka 40, kila hatua ya mkaguzi ikijibiwa na hatua ya mghushi.

Vibati navyo vina historia yake. Kwenye magari ya General Motors ya katikati ya miaka ya 1960 na kuendelea, kibati cha namba ya chesisi hushikiliwa na ribiti zenye kichwa cha umbo la ua, na kuanzia magari ya 1968 kibati hicho kilihamishwa kutoka kwenye nguzo ya mlango hadi juu ya dashibodi, kionekane kupitia kioo. Ribiti za duara za dukani mahali hapo ni kengele ya hatari. Bahati mbaya ribiti zenye umbo la ua nazo zinauzwa siku hizi, kwa hiyo kuziona si uthibitisho. Kutoziona ndiko kunakosema jambo.

Karatasi ndizo zinazopendwa zaidi, na ndizo rahisi kuchezea. Wafanyakazi wa viwandani walifuata orodha ndefu ya misimbo iliyoambatana na kila gari kwenye mstari wa kuunganisha, na orodha hizo mara nyingi ziliishia ndani ya gari lenyewe. Kwenye Plymouth na Dodge za Chrysler hupatikana zimekunjwa ndani ya springi za kiti cha nyuma au juu ya kisanduku cha dashibodi. Kwenye Chevelle na Camaro hupatikana juu ya tangi la mafuta, zimekauka na kuliwa kingo. Anayeshusha tangi la zamani hufanya hivyo polepole, akiwa na karatasi safi pembeni, kwa sababu vipande hivyo huvunjika mkononi. Chevrolet pia ilimpa mteja kibati kidogo cha chuma cha dhamana, kilichogongwa namba ya chesisi na msimbo wa injini, na jina la mnunuzi wa kwanza likibandikwa kwa utepe wa plastiki. Kikipatikana kimekwaruzwa na kufifia kwenye droo ya mjane wa mnunuzi huyo, ni dhahabu. Kikitokea ghafla kikiwa kipya mezani mwa dalali, ni haki ya mtu kukitilia shaka, maana vipya vinatengenezwa, kama zinavyotengenezwa upya zile karatasi za bei zilizobandikwa dirishani kwa lazima ya sheria ya 1958.

Tofauti kubwa kati ya gari na gari leo inatokana na jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelifikiria: ni kampuni gani iliyotunza makabrasha yake. Pontiac ilihifadhi ankara zake kwenye filamu ndogo, na taasisi ya Pontiac Historic Services hutoa nakala za magari ya kuanzia 1961. Ndiyo maana GTO ya 1964, ambayo chesisi yake ni bubu, inaweza kuthibitishwa kwa bahasha moja ya posta. Ford iliweka kumbukumbu za magari ya kuanzia 1967 kwenye kompyuta, na Kevin Marti wa Arizona ndiye mwenye leseni ya kuzitoa. Ripoti yake hueleza rangi, injini, gia, tarehe na muuzaji aliyepelekewa gari. Chrysler ina rekodi za magari ya zamani hadi 1967, halafu pengo, na pengo hilo linaangukia miaka yenyewe ambayo watu wanaililia. Chevrolet ya Marekani haina kitu cha kumpa mnunuzi. Lakini General Motors ya Kanada ilitunza zake, na matokeo yake ni kwamba Chevelle iliyouzwa mpya nchini Kanada mwaka 1970 ina nyaraka za kiwanda, wakati pacha wake aliyeuzwa Marekani analazimika kujitetea kwa vumbi la tangi lake.

Chrysler hata hivyo ilikuwa na fadhila moja iliyofidia pengo: namba zake za chesisi zinasema. Herufi ya tano ni injini. Kwenye magari ya 1970 na 1971, herufi R mahali hapo ni Hemi ya inchi 426, ile yenye nguvu za farasi 425 iliyoongeza karibu dola 900 kwenye bei ya gari. Anayesoma BS27R1B anasoma wasifu mzima: Barracuda, daraja maalumu, paa la kukunja, Hemi, 1971, kiwanda cha Hamtramck. Magari yenye mwanzo huo yanayohesabiwa ni 11. Juni 2014, moja lenye gia nne za mkono liliuzwa kwenye mnada wa Mecum mjini Seattle kwa dola milioni 3.5. Barracuda ile ile ya paa la kukunja, yenye herufi nyingine mahali pa tano, ni gari zuri la sehemu ndogo tu ya fedha hizo.

Bei zenyewe hazijawahi kutulia. Mnada wa Barrett-Jackson ulianzishwa Scottsdale, Arizona, mwaka 1971, wakati magari ya misuli yalikuwa bado yanauzwa mapya, na kwa miaka mingi jukwaa lake lilikuwa la magari ya zamani zaidi. Katikati ya miaka ya 2000, wakati waliokuwa vijana wa 1970 walipofikia umri wa kuwa na fedha za ziada, magari ya misuli yalipanda kwa kasi na kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Mgogoro wa fedha wa 2008 uliyashusha. Yaliyoshuka zaidi yalikuwa yale yenye hadithi nyepesi: rangi mpya, injini ya kuazima, karatasi moja ya mashaka. Yenye ushahidi kamili yalitikisika, yakasimama.

Anayetaka kujua bei leo huanza na vitabu vya mwongozo kama cha Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani iliyoko Traverse City, Michigan, kinachopanga hali za magari kuanzia daraja la kwanza, la maonyesho, hadi la nne, la gari linalotembea likiwa na kasoro za wazi. Lakini daraja hilo linahusu hali. Uhalisi ni hesabu nyingine inayofanywa juu yake. Hapo mkaguzi anatoa kipimo cha unene wa rangi na kukipitisha bati kwa bati. Rangi ya kiwanda huwa nyembamba, na ghafla kipimo kikiruka mara tano pale chini ya dirisha la nyuma, kuna pati iliyofunika kutu au ajali. Sumaku iliyofungwa kwa kitambaa inafanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ya soda. Anatazama sakafu ya buti kutafuta mshono wa kuchomelea, kwa sababu mabati mengi ya nyuma yamekatwa na kubadilishwa. Anauliza kuhusu rangi ya awali, maana gari lililotoka kijani na sasa ni jekundu limepoteza kitu hata kama jekundu linapendeza.

Kuna gari moja lililobadili mtazamo wa watu wengi kuhusu haya yote. Mwaka 1968 filamu ya Bullitt ilionyesha mwigizaji Steve McQueen akikimbiza Mustang ya kijani kwenye vilima vya San Francisco. Zilitumika Mustang mbili, namba zao za chesisi zikifuatana: 8R02S125558 na 8R02S125559. Zinasomeka: 1968, kiwanda cha San Jose, paa la mteremko, injini ya inchi 390. Moja ilifanya miruko na kuumia vibaya. Ilipatikana Baja California, Mexico, mwaka 2017. Ya pili, ya picha za karibu, ilinunuliwa mwaka 1974 na Robert Kiernan wa New Jersey kwa takriban dola 6,000, baada ya kuona tangazo jaridani. Familia iliitumia kama gari la nyumbani. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba auziwe. Hakuuziwa. Klachi ilipoisha mwaka 1980, gari likaegeshwa.

Lilijitokeza hadharani Januari 2018, kwenye maonyesho ya Detroit, likiletwa na Sean Kiernan, mtoto wa aliyelinunua. Marti alilikagua na kulithibitisha. Halikuwa limepakwa rangi upya. Rangi ya kijani ilikuwa imefifia na kupasuka, kutu ilikuwa imetafuna kingo, na chini ya bodi bado vilikuwepo vyuma vilivyochomelewa kushikilia kamera. Kwa mantiki ya maonyesho ya miaka ya 1980, gari la aina hiyo lingetakiwa kuvuliwa hadi chuma kitupu na kung'arishwa. Laiti lingefanyiwa hivyo, ushahidi wote wa kamera ungekwenda na msasa. Tarehe 10 Januari 2020, mjini Kissimmee, Florida, nyundo ya Mecum iligonga kwenye dola milioni 3.4, pamoja na ada ikawa milioni 3.74. Julai mwaka huo huo, Shelby GT350 ya mashindano yenye namba 5R002, iliyoendeshwa na Ken Miles mwaka 1965, ikaipita, ikauzwa kwa dola milioni 3.85.

Kwa upande mwingine wa soko kuna magari ambayo hayana chochote cha zamani isipokuwa kibati. Bodi nzima ya Camaro ya 1969 inaweza kununuliwa mpya leo, imetengenezwa kwa leseni, ikiwa na kila bati. Mtu akiwa na bodi hiyo na kibati kilichong'olewa kwenye gari lililooza, anaweza kuunganisha gari ambalo kwa karatasi ni la 1969. Sheria ya shirikisho ya 1984 kuhusu wizi wa magari iliifanya kazi ya kung'oa au kubadili namba ya utambulisho kuwa jinai, na imeacha nafasi finyu kwa matengenezo yanayohitaji hivyo. Katika mikutano ya mashabiki bado watu wanabishana: sakafu mpya ni sawa, mabati ya ubavuni ni sawa, fremu je? Kioo cha mbele na paa vikibaki, gari limebaki?

Nakala zenyewe si uovu. Chevelle ya kawaida iliyogeuzwa SS kwa ustadi ni gari la furaha, linaendeshwa bila hofu, na mwenye nalo akilitangaza kwa jina lake halisi hamdhulumu mtu. Dhuluma huingia pale mmiliki wa tatu au wa nne anaponyamaza, au anapoambiwa na aliyemtangulia kitu ambacho hakupenda kukithibitisha. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji linapaswa kuwa kuhusu watu kuliko vyuma: nani aliliuza mwaka gani, kwa nani, na picha ziko wapi? Picha ya familia ya 1972, gari likiwa nyuma ya watoto, imewahi kumaliza ubishi ambao mikwaruzo ya bloku ilishindwa kuumaliza.

Mafundi wa uchunguzi nao wamesogea mbele. Chuma kinapogongwa, mgandamizo hupenya chini ya uso, hivyo namba iliyosagwa huacha kivuli ndani ambacho tindikali inaweza kukiibua, mbinu ile ile ambayo polisi hutumia kwa bunduki zilizofutwa namba. Wakaguzi wamekusanya maelfu ya picha za nyuso za bloku zilizothibitishwa, zikipangwa kwa kiwanda na mwezi, ili umbo la herufi, kina chake na namna ilivyoinama vilinganishwe na za injini nyingine zilizotoka kiwanda hicho hicho juma hilo hilo. Wapo wanaotafuta bloku zilizopotea: namba iliyo kwenye injini ya mtu huko Ohio inalinganishwa na chesisi iliyoko Texas, na mwenye bloku, akishajua anachokishikilia, anapandisha bei mpaka mwenye gari anashika kichwa. Mara nyingi hulipa.